Dogo, Kaniletee Maji

Nilikuwa Keko, nimekaa juu ya rundo la mbao za mkongo, nasubiri kitanda ambacho hakikuwa tayari. Mnaoishi Dar mnaijua "njoo Ijumaa" ya fundi seremala, kwa hiyo hapo sitapoteza muda.

Kilichonikaa kichwani si kitanda. Ni kijana aliyekuwa anakipiga msasa.

Miaka yake kumi na sita hivi, vumbi mpaka kwenye kope. Alishika mbao upande wa pili fundi akiranda, akakusanya maranda, akachanganya gundi. Mkono wake haukuwa mgeni. Kisha fundi akachomoa penseli sikioni, akachukua futi na skwea, akainama juu ya mguu wa kitanda kupima mahali pa kutoboa. Hapo hapo, bila kuinua kichwa, akasema:

"Dogo, kaniletee maji ya baridi pale kwa mama."

Dogo akaenda. Aliporudi, alama zote zilikuwa zimeshachorwa.

Baadaye ikafika zamu ya kukata nakshi ya kichwa cha kitanda. Dogo akatumwa misumari. Kopo la misumari lilikuwa pale mezani, limejaa.

Nikamtania: "Fundi, mbona kila ukifika penyewe dogo anapata safari?"

Akacheka, akaonyesha ng'ambo ya barabara kwa kidevu. "Bosi, wa kwanza nilimfundisha kila kitu. Yule pale. Sasa hivi ananichukulia wateja."

Nililipa kilichobaki, nikaondoka. Lakini yale maji ya baridi nimeishi nayo wiki kadhaa.

Simu ya dada

Isingenisumbua hivyo kama dada yangu asingenipigia simu siku chache baadaye. Mwanawe amemaliza darasa la saba na amepangiwa sekondari yenye mkondo wa amali. Alinieleza kwa sauti ya kushusha, ile ya kutaja ugonjwa wa mtu mbele ya wageni.

"Mdogo wangu, mtoto ana alama nzuri tu. Kwa nini wampeleke ufundi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Najua jibu la kwenye makaratasi, na wengi wenu mnalijua: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imegawa sekondari ya chini katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi. Rais Samia aliizindua Dodoma tarehe 1 Februari 2025, lakini kundi la kwanza la amali lilikuwa limeshaingia kidato cha kwanza Januari 2024. Watafika kidato cha nne mwaka 2027. Mpango ni watoke na vyeti viwili: kile cha kawaida cha kidato cha nne, na cha ufundi stadi ngazi ya tatu.

Vyeti viwili kwa miaka ileile minne. Kwa maneno matupu, ni bei nzuri.

Ila dada hakuwa anauliza kuhusu vyeti. Alikuwa anauliza kama mwanawe atafundishwa, au atatumwa maji.

Ubao wa mninga ukiharibika

Tuachane na lawama kidogo. Yule fundi si mtu mbaya. Nimejaribu kumfikiria kama mfanyabiashara, na hesabu zake zimeninyookea vizuri kuliko nilivyotaka.

Ukimpa mwanafunzi ubao wa mninga akaukata vibaya, hakuna wa kuurudisha. Mteja hakufidii. Mzazi wa dogo hakufidii. Muda uliosimama kumwelekeza ni muda ambao kitanda cha mtu kimelala. Kwa hiyo miezi ya mwanzo, mwanafunzi ni hasara tupu.

Baadaye mambo yanageuka. Mkono wa dogo unaanza kutoa kazi inayouzika, na bado analipwa hela ya chakula na nauli. Hapo ndipo fundi anaporudisha alichopoteza.

Tatizo ni kwamba kati ya hasara ya mwanzo na faida ya baadaye hakuna kitu kinachowafunga wawili hawa. Dogo akishaiva kidogo tu, anaweza kuamka kesho akafungua banda lake. Na fundi naye akishaonja ile faida, hakuna wa kumwambia: sasa inatosha, mwachie aende.

Fundi hana mkataba wala mahakama ya kukimbilia. Ana kinga moja tu.

Siri.

Anafundisha kwa kijiko. Kupiga msasa utajua mwezi wa kwanza. Kupima na kukata, ambako ndiko pesa iliko, utakuona kwa kuibia. Waliojifunza cherehani wanaijua hadithi hii kwa namna yao: unapinda mashati, unafunga vifungo, unapiga pasi, lakini mkasi wa kukatia kitambaa cha mteja unaushika pale mwenye cherehani akiwa msibani. Na kule mara nyingi umelipa ada ya kujifunza, taslimu, siku ya kwanza.

Wazungu waliopita njia hii karne nyingi kabla yetu walikwama palepale. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1563 iliyomtaka mwanagenzi akae miaka saba kwa bwana wake kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi yake mwenyewe. Mwaka 1776 mwanauchumi Adam Smith aliulalamikia urefu huo, akisema ufundi mwingi haudai muda wote huo. Nadhani alikuwa sahihi kuhusu ufundi wenyewe. Ila mimi naisoma ile miaka saba kama njia ya bwana kurudisha mbao zake. Kipengele hicho kilifutwa mwaka 1814, viwanda vikiwa vimeshabadilisha kila kitu.

Hii si mara yetu ya kwanza

Kuna kitu kinanikera kwenye mijadala ya amali: tunaijadili kana kwamba imeshuka juzi.

Waulizeni waliosoma sekondari miaka ya sabini na themanini. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, shule zetu zilipewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Zilikuwepo karakana zenye mashine, zikiwamo za msaada, na walimu waliojua kuzitumia. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zilitoa watu ambao mpaka leo wakiongea kuhusu injini unanyamaza.

Mwaka 1985 watafiti wawili wa Benki ya Dunia, George Psacharopoulos na William Loxley, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wahitimu wa shule za michepuo katika nchi mbili, Kolombia na Tanzania. Hawakukuta kwamba waliosoma michepuo walikuwa na faida ya wazi katika ajira kuliko wenzao wa masomo ya kawaida, ingawa kuwasomesha kuligharimu zaidi.

Miaka ishirini kabla yao, mwaka 1965, mtafiti Philip Foster alikuwa ameshaandika kuhusu Ghana jambo ambalo kila mwanasiasa anayepigia debe ufundi angepaswa kulijibu. Alisema wazazi na wanafunzi wanaokimbilia masomo ya ofisini si wajinga wala si wavivu wa mikono. Wanasoma soko. Wakiona karani analipwa vizuri kuliko fundi, na kazi yake haiyumbi, watamtaka mtoto awe karani hata ukijenga karakana kila kata.

Niliposoma hoja hiyo nilimwona dada yangu. Mkuu wetu mmoja wa wilaya akisimama jukwaani kusema "vijana acheni kuchagua kazi", nataka siku moja amtaje mwanawe anasoma fani gani.

Hapa ndipo nilipokaribia kumwambia dada amhamishe mtoto.

Waswisi wanafanyaje

Kilichonisimamisha ni Uswisi. Najua, kila makala ya ufundi lazima ipite Uswisi au Ujerumani, na mwandishi hurudi na picha za karakana zinazong'aa kama hospitali. Mashine zao hazinihusu. Nilitaka kujua wanamfanyaje yule fundi asimtume dogo maji.

Theluthi mbili hivi ya vijana wa Uswisi, wakimaliza elimu ya lazima wakiwa na miaka kumi na tano au kumi na sita, wanaingia uanagenzi. Si waliofeli tu. Kuna uanagenzi wa useremala na wa umeme, lakini pia wa benki, wa maabara, wa ofisi za bima. Sergio Ermotti, aliyekuja kuiongoza UBS, benki kubwa kuliko zote nchini humo, alianza akiwa na miaka kumi na tano kama mwanagenzi kwenye benki moja ya Lugano.

Kijana anasaini mkataba na kampuni, mzazi anasaini, na ofisi ya serikali ya jimbo inauidhinisha. Mara nyingi ni miaka mitatu au minne. Siku tatu au nne za wiki yuko kazini, zilizobaki yuko darasani. Analipwa, kidogo mwaka wa kwanza, kisha ujira unapanda kila mwaka. Anayemfundisha kazini lazima awe amesomea namna ya kufundisha. Watafiti wa huko wamepiga hesabu wakakuta kampuni nyingi zinarudisha gharama zao kabla mkataba haujaisha. Ujerumani hesabu haitoki hivyo: kwa wastani kampuni inapata hasara kidogo, inavumilia kwa sababu wengi wanabaki kufanya kazi hapo hapo.

Sasa angalia walichofunga. Kijana hawezi kuondoka mwaka wa pili na ujuzi nusu, kwa sababu bila cheti cha mwisho ujuzi wake haumfikishi mbali. Bosi hawezi kumshikilia milele, kwa sababu mkataba una mwisho. Na mtihani wa mwisho unasimamiwa na watu wa fani kutoka nje ya kampuni.

Hilo la mtahini wa nje ndilo lililonifanya niweke simu chini nifikiri. Fundi anayejua kwamba siku moja mtu asiyemjua atamwambia dogo "pima, kata, unga, mimi naangalia" hana faida ya kuficha penseli. Dogo akifeli, aibu ni ya karakana.

Halafu kuna mlango wa juu. Mwanagenzi wa Uswisi akitaka, anafanya mtihani wa ziada unaomfungulia vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Mzazi anayejua mlango upo hana sababu ya kushusha sauti kwenye simu.

Na Waigbo wanafanyaje

Mtu ataniambia Uswisi ina pesa. Sawa, twende Nigeria.

Waigbo wana uanagenzi wao, zaidi wa biashara kuliko wa ufundi wa mikono. Kijana anakabidhiwa kwa bwana, anakaa kwake miaka kadhaa, analala kwake, anakula kwake, halipwi mshahara. Anajifunza bidhaa, wateja, mahali pa kununua, namna ya kukopeshana. Miaka waliyokubaliana ikiisha, bwana anatakiwa kumpa mtaji aanze duka lake.

Rudia sentensi hiyo. Anampa mtaji mshindani wake.

Na heshima ya bwana sokoni inapimwa kwa idadi ya vijana aliowasimamisha. Baada ya vita vya Biafra, eneo lao lililotaka kujitenga, kwisha mwaka 1970, wengi wao wakiwa hawana kitu, utaratibu huu ulisaidia sana kuwarudisha kwenye biashara. Una matobo yake. Wapo mabwana wanaomzulia kijana wizi mwezi wa mwisho ili wasimlipe. Lakini hauna karatasi moja ya serikali, na bado umefunga fundo lilelile ambalo Waswisi wamelifunga kwa mihuri: anayefundisha anajua atapata nini, anayejifunza anajua lini atakuwa huru.

Sisi tuna karatasi za serikali nyingi kiasi. Ukiniuliza fundo liko wapi, sijui nikuonyeshe ukurasa gani.

Anayesahaulika kwenye sera

Si kwamba hakuna kinachofanyika. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria ya mwaka 1994. Kuna programu ya serikali ya uanagenzi inayowalipia vijana ada vyuoni. Kuna urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na kupewa cheti bila kurudi darasani. Huo naupenda kuliko yote, maana unaanzia kwa mtu mwenye ujuzi tayari.

Nilipokwenda kuchukua kitanda (kilitoka kizuri, nikiri) nilimgusia fundi wangu habari hiyo. Akanitazama kama namuuzia bima.

"Cheti cha nini tena, bosi? Kitanda si hicho unakiona?"

Nikamuuliza jingine. Je, mtu akija na mtoto, akasema nakulipa umfundishe kupima na kukata, si kupiga msasa, kwa maandishi, na mwisho atapimwa na mtu wa nje, ungekubali?

Hakucheka. Aliweka randa chini.

"Nusu siku anayoanza. Nusu akifaulu. Mbao za kuharibu alete yeye. Na akimaliza asifungue hapa Keko, aende hata Mbagala."

Chini ya dakika moja alikuwa ameandika sera. Kuna dhamana ya mbao, kuna malipo yanayofuata matokeo, na kuna kinga dhidi ya mshindani. Hicho cha mwisho sikipendi, na mahakamani sidhani kama kingesimama, lakini nakielewa.

Waajiri wenye wafanyakazi kumi na kuendelea wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023, na sehemu yake inakwenda VETA. Fundi wa Keko mwenye vijana watatu bandani halipi tozo hiyo na wala haimfikii. Kwenye vitabu hayupo. Mtaani yeye ndiye chuo.

Ningekuwa na mamlaka, ningechukua kipande cha tozo hiyo nimlipe fundi wa mtaani kwa kila mwanafunzi anayefaulu mbele ya mtahini wa nje. Nusu mwanzo, nusu mwisho, kama alivyosema mwenyewe. Tayari nasikia wasomaji wangu wa serikalini wakicheka: mwaka wa pili tutakuwa na wanagenzi hewa, wana majina, picha na saini, na hakuna hata mmoja anayejua kushika patasi. Inawezekana kabisa. Ndiyo maana nimesema nusu mwisho.

Shaka ambayo haijaondoka

Kuna usiku nilijiuliza kama nimeanza kupamba kitu chenye madhara. Banda la seremala lina msumeno wa mashine usio na kinga, vumbi, na rangi ya kupuliza inayochoma kifua. Sheria yetu ya ajira ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka kumi na minne, na aliye chini ya kumi na nane hatakiwi kuwekwa kwenye kazi ya hatari. Mwanafunzi wa kidato cha pili ana miaka mingapi? Haya, mpeleke bandani.

Hili silimalizi kwa hoja ya Uswisi. Kule kuna mkaguzi. Hapa mkaguzi akifika Keko, nadhani ataondoka na stuli.

Kwa hiyo nimeishia mahali pasipopendeza sana: miaka ya mwanzo karakana ya shule, yenye mwalimu na kinga ya mashine, miaka miwili ya mwisho siku kadhaa za wiki kwa fundi, kwa mkataba, kwa kazi zisizo za hatari mpaka umri ufike. Shule peke yake itarudia michepuo. Fundi peke yake atamtuma maji.

Nilichomwambia dada

Nilimpigia Jumapili. Nilimwambia asimhamishe mtoto, ila aende shuleni kabla ya kununua hata soksi. Aulize karakana ina nini, na aione kwa macho, maana kuna karakana ambazo ni ubao wa jina tu. Aulize mwalimu wa fani amewahi kuifanya kazi hiyo kwa pesa ya mteja. Aulize likizo wanafunzi wanapelekwa wapi, kwa nani, na nani anasaini.

"Na akitaka chuo kikuu?"

Nikamwambia ana cheti cha kidato cha nne kama wenzake, na kile cha ufundi stadi kinamwingiza chuo cha ufundi, kutoka hapo stashahada, kutoka hapo shahada. Njia ni ndefu kidogo. Mlango upo.

Alikwenda. Alirudi na ripoti ndefu kuliko niliyotarajia. Karakana ipo, cherehani zinafanya kazi, upande wa umeme vifaa ni vichache. Mwalimu wa ushonaji ana duka lake mjini na wanafunzi wa kidato cha pili wameshaanza kushona sare za shule jirani, kwa oda ya kweli, na kukata wanakata wenyewe. Mwalimu wa umeme hakuwepo siku hiyo.

Baba yake amesema umeme, basi. Mtoto anataka cherehani. Hawajasalimiana tangu juzi, na dada ananipigia mimi.